Picha yako imetumika kwenye biashara: ufanye nini?

Tangu michoro ya miambani ya Kondoa ilipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, Kolo imezoea wageni wenye kamera. Hupiga picha za miamba, lakini pia za mama anayetwanga na watoto wanaotoka shule. Mwamba haulalamiki. Mtu anaweza kukuta sura yake kwenye kalenda au tangazo la kampuni, naye hakuulizwa.

Hapo wengi huchanganyikiwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya picha kwa kawaida ni ya mpiga picha, si ya aliyepigwa. Kwa hiyo mama yule asidai hakimiliki. Kinga yake iko katika Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha, na zaidi katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na iliyochukuliwa kwa lengo moja haihamishiwi lengo jingine kiholela. Kumchekea mgeni si kumruhusu auzie majani ya chai sura yako.

Kwanza atunze ushahidi: nakala ya kalenda, jina la kampuni, tarehe aliyoiona. Kisha aandike barua ya kutaka picha iondolewe na alipwe fidia. Mara nyingi barua yenyewe hutosha. Wasipojibu, apeleke malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mahakama nayo ipo, ila asikawie, kwani madai ya madhara yasiyotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 3. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awaone wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Je, malalamiko huzaa matunda? Nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja Sh. 4,550,000 za Kenya kwa kutoa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na baa moja Sh. 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Uamuzi huo hauzifungi mamlaka zetu, lakini msingi wa ridhaa ni ule ule.

Nasi tunaochangisha fedha kwa picha za wenye shida hatuko nje ya sheria hii. Nia njema haichukui nafasi ya ridhaa. Tunaziomba kamati za parokia zipate ridhaa ya maandishi kabla ya kututumia picha, mhusika akielezwa, kwa Kirangi inapobidi, itachapishwa wapi na kwamba anaweza kubadili mawazo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye atakayetia sahihi. Wafadhili wanaohitaji picha za kadi za Krismasi watuarifu mapema, ili wazazi wafikiwe kabla ya mvua kuharibu njia za vijijini.