Safari ya Komoro: viza ya Moroni haifungui mlango wa Maore

Kwa mwenye kujua Kiswahili, Komoro si ugenini kabisa. Shikomoro ni lugha ndugu, na salamu ya mtu wa pwani huitikiwa vyema sokoni Moroni. Hata hivyo, anayekwenda kuwaona jamaa au kupumzika hana budi kufahamu kwamba visiwa vinne vya eneo hilo vina milango miwili, na kila mlango una hati zake.

Kuingia Moroni

Mlango wa kwanza ni wa Muungano wa Komoro, unaoundwa na Ngazija, Nzwani na Mwali. Ndege kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Addis Ababa hutua Hahaya, kaskazini mwa Moroni. Wageni kutoka nchi nyingi hupewa viza papo hapo uwanjani kwa ada. Pasipoti inatakiwa iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda wake, na ofisa wa uhamiaji huweza kudai tiketi ya kurudi na anwani ya malazi. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano huonyesha cheti cha chanjo. Euro 1 ni sawa na faranga za Komoro 492 hivi, na kwa kuwa kadi za benki hupokewa mahali pachache, ni busara kubeba fedha taslimu.

Kutoka kisiwa hadi kisiwa

Visiwa huunganishwa kwa ndege ndogo na meli. Zipo pia boti zinazovuka kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija, hadi Hoani, Mwali. Ratiba hutegemea hali ya bahari: kusi huinua mawimbi, na kaskazi huja na mvua na pengine vimbunga. Kwa hiyo inafaa kurejea Ngazija siku mbili tatu kabla ya ndege ya kurudi nyumbani.

Mlango wa pili

Maore, au Mayotte, iko kilomita 70 hivi kutoka Nzwani. Komoro ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Maore ilibaki chini ya Ufaransa, na mwaka 2011 ikawa mkoa wa nchi hiyo. Moroni ingali inakidai kisiwa hicho. Tangu 1995, Mkomoro anayekwenda huko huhitaji viza ya Ufaransa, inayoombwa kabla ya safari. Wengi wanaoikosa hupanda kwassa-kwassa, mashua za uvuvi zinazovuka kwa siri, na maelfu wamezama njiani.

Mgeni mwenye jamaa pande zote mbili naye aulize mapema katika ubalozi wa Ufaransa, kwani Maore haimo katika eneo la Schengen na ina masharti yake. Aliyefika Nzwani bila hati hizo atakuwa ameikaribia Maore, lakini hataweza kuingia.