Tarakilishi tatu, daftari moja: Namna ya kuunganisha hesabu za ofisi

Msimu wa ndengu unapofika Kathonzweni, yaani Januari na Februari baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba, mnunuzi wa nafaka hukosa hata nafasi ya kunywa chai. Wakulima huja na magunia kutoka Kitise, Mavindini na vijiji vilivyo karibu na barabara ya Wote kwenda Makindu. Tuseme mlangoni pa duka lake pana mizani na karani wake. Ndani yupo mtunza fedha, na katika chumba cha nyuma yupo mhasibu. Kila mmoja ana tarakilishi yake, na kila tarakilishi ina hesabu zake.

Hapo ndipo balaa huanzia. Mkulima aliyechukua mbegu na dawa kwa mkopo wa Sh4,500 mwezi wa Oktoba anatarajia kukatwa deni hilo mara moja tu anapoleta mavuno. Ikiwa deni limeandikwa katika tarakilishi ya mhasibu, nayo malipo yanafanywa katika ile ya mtunza fedha, mambo mawili yanaweza kutokea. Huenda asikatwe kabisa, na mwenye duka apate hasara. Au huenda akatwe leo na karani mmoja, kisha akatwe tena wiki ijayo na mwingine. Mkulima hana risiti ya mbegu alizopanda miezi minne iliyopita, na anapolalamika huonyeshwa kioo cha tarakilishi kana kwamba mashine haiwezi kukosea.

Wengi wamejaribu kuziba pengo hili kwa kubeba faili katika kijiti cha flash kutoka meza moja hadi nyingine kila jioni. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Chukua mfano wa mifuko 40 ya mbolea iliyo stoo asubuhi. Karani wa kwanza anauza 15. Daftari lake linaonyesha mifuko 25 imebaki. Wa pili anauza 12. Daftari lake linaonyesha 28. Jioni faili la pili linanakiliwa juu ya la kwanza. Ofisi nzima sasa inaamini kuwa kuna mifuko 28, ilhali stooni imo 13. Mifuko 15 haikuibwa na mtu yeyote, lakini mlinzi wa stoo ndiye atakayeulizwa.

Suluhisho ni kuwa na faili moja tu la hesabu, lililowekwa mahali pamoja, huku tarakilishi zote zikilifungua kupitia mtandao wa ndani ya ofisi. Tarakilishi inayotunza faili hilo ndiyo huitwa seva. Jina hilo limewatisha wengi na kuwatajirisha wauzaji wachache. Kwa ofisi yenye meza tatu au nne, seva inaweza kuwa tarakilishi ya kawaida ya mezani, mradi iwe na diski nzuri, kumbukumbu ya kutosha na isitumiwe na watoto wa mwenye duka kuchezea michezo.

Msomaji anaweza kuuliza: watu watatu wakiandika katika faili moja kwa wakati mmoja, si watagongana? Jibu ni kwamba programu ya hesabu iliyoundwa kwa watumiaji wengi hufanya kazi kama karani mkuu mwenye daftari. Mtunza fedha anapofungua akaunti ya mkulima ili kuibadilisha, programu huifunga akaunti hiyo kwa wengine kwa muda huo. Mhasibu anaweza kuisoma, lakini akitaka kuiandika ataambiwa asubiri. Akaunti nyingine zote hubaki wazi. Aidha, hifadhidata zilizo imara huhesabu tendo lenye sehemu kadhaa kuwa kitu kimoja: kupunguza deni, kuongeza magunia stooni na kutoa fedha katika sanduku ama yote hukamilika, ama hakuna hata moja linaloandikwa. Stima ikipotea katikati, mkulima hawezi kujikuta amekatwa deni bila magunia yake kuhesabiwa.

Karatasi ya hesabu ya Excel iliyowekwa katika folda ya pamoja haina nidhamu hiyo. Inafaa kwa orodha ya zamu za walinzi. Kwa madeni ya watu haifai.

Kazi ya kuunganisha huanza na nyaya. Kila tarakilishi huunganishwa kwa waya na kisanduku kiitwacho swichi, ambacho hupokea ujumbe kutoka mashine moja na kuufikisha kwa nyingine. Waya wa kawaida wa shaba haufai kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi tarakilishi, umbali ambao ni mkubwa mno kwa duka lolote la sokoni. Intaneti haihitajiki kwa jambo hili. Hata mtandao wa simu ukizimika kutwa nzima, tarakilishi za ofisi zitaendelea kuzungumza.

Ikiwa stoo iko katika jengo jingine ng'ambo ya ua, haifai kunyoosha waya wa shaba hewani kutoka paa hadi paa. Radi ikipiga karibu wakati wa mvua za Novemba, waya huo huweza kuingiza nguvu za umeme katika mashine zilizo pande zote mbili. Faiba ni salama zaidi, kwa kuwa hupitisha mwanga wala si umeme. Kuhusu waifai, ni rahisi na haina nyaya za kujikwaa, lakini mawimbi yakikatika kwa nukta chache mtunza fedha akiwa katikati ya kuandika, faili la hesabu linaweza kuharibika. Waifai iachiwe simu za wageni, tena ikiwezekana itenganishwe na mtandao wa hesabu.

Baada ya nyaya, seva hupewa anwani isiyobadilika. Rauta huwa na mazoea ya kugawa anwani za nambari kwa kila mashine inapowashwa, na leo seva inaweza kuwa 192.168.1.10, kesho ikawa 192.168.1.14. Tarakilishi nyingine zikiitafuta katika anwani ya jana hazitaikuta, na fundi ataitwa kutoka Wote kwa kosa ambalo lingezuiwa kwa dakika 5. Seva pia izuiwe kulala. Windows huilaza mashine isiyoguswa kwa muda ili kuokoa umeme, na seva ikilala, ofisi nzima imelala.

Linalofuata ni programu yenyewe. Hapa wafanyabiashara wengi hukwama kwa sababu ya leseni. TallyPrime ya India, mathalan, huuzwa kwa leseni ya Silver, ambayo ni ya mtumiaji mmoja, na ya Gold, ambayo huruhusu tarakilishi nyingi za mtandao mmoja. QuickBooks ya mezani nayo iliweka mipaka: Pro kwa watu 3, Premier kwa watu 5. Kampuni ya Intuit ya Marekani inayoitengeneza iliacha mwaka wa 2024 kuwauzia wateja wapya nchini humo matoleo hayo mawili, na inawavuta watumiaji kwenye toleo la mtandaoni. Anayeanza leo afikirie hilo kabla ya kutoa fedha. Nakala za wizi zinazouzwa rahisi mitaani hazipokei marekebisho, na mara nyingi huwa na virusi ndani yake.

Programu huwekwa kwanza kwenye seva, kisha kwenye tarakilishi za wengine, na zote ziwe toleo lile lile. Katika QuickBooks, ni seva pekee inayopaswa kuruhusiwa kulitunza faili kwa niaba ya watumiaji wengi. Tarakilishi mbili zikidai cheo hicho, matokeo ni ya mafahali wawili katika zizi moja: faili hukataa kufunguka na kila meza hulaumu nyingine.

Hata baada ya hapo, tarakilishi ya mtunza fedha inaweza kukataa katakata kuliona faili. Mara nyingi mkosaji ni faiawoli, yaani bawabu wa tarakilishi anayeamua ujumbe upi uingie. Fundi mvivu humfukuza bawabu kabisa, mambo yakafanya kazi, akalipwa akaenda zake. Njia sahihi ni kumwambia bawabu airuhusu programu ya hesabu peke yake, tena kwa mtandao wa ofisi tu.

Uvivu huo una gharama. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea katika nchi nyingi kupitia kasoro ya mfumo ambao Windows hutumia kugawana mafaili. Vilifunga mafaili na kudai fidia, na hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kasoro hiyo miezi miwili kabla, mwezi wa Machi; walioumia walikuwa wale ambao hawakuyaweka. Windows 10 nayo iliondolewa katika huduma ya kawaida ya marekebisho Oktoba 14, 2025, na seva ya ofisi isingefaa kuachwa katika hali hiyo.

Ulinzi wa nje ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua nani kaandika nini. Katika ofisi nyingi nenosiri ni moja, nalo limeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa pembeni mwa kioo. Siku deni la mkulima linapofutwa bila maelezo, kumbukumbu za programu zitaonyesha kuwa lilifutwa na "Admin", na Admin ni kila mtu. Mwajiri hawezi kumwadhibu yeyote kwa haki, na mfanyakazi mwaminifu hawezi kujitetea. Kwa hivyo kila mtu apewe jina na nenosiri lake. Karani wa mizani aruhusiwe kuandika uzito bila kugusa bei. Mtunza fedha alipe, lakini asifute risiti iliyokwisha kutolewa. Mhasibu arekebishe makosa kwa kuandika ingizo jipya, la zamani likabaki likionekana. Mwenye duka naye hana haja ya kuingia kama mkuu wa mfumo kila anapotaka kujua mauzo ya leo. Hili la mwisho huwa gumu kwa wengi, kwa sababu linaonekana kama kupunguziwa cheo katika duka lako mwenyewe.

Sheria pia imeingia ofisini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayetunza taarifa za watu, pamoja na nambari za simu na vitambulisho vya wakulima, kuzilinda. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Nayo sheria ya taratibu za kodi hutaka rekodi zihifadhiwe kwa miaka 5. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS wa KRA haikubaliki, isipokuwa zile zilizosamehewa, wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Programu za biashara zinaweza kuunganishwa na eTIMS, lakini ankara zikitoka katika madaftari matatu yasiyolingana, kuziunganisha ni kutuma mkanganyiko moja kwa moja hadi Times Tower.

Kuna wanaosema kuwa haya yote yamepitwa na wakati, na kwamba hesabu zihamishiwe mtandaoni ambako hakuna seva ya kutunza. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mwenye duka Kathonzweni na tawi jingine Makindu. Hata hivyo, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota nchini Kenya na katika nchi jirani. Aliyekuwa na seva ya ndani aliendelea kupima magunia. Kwa upande mwingine, seva ya ndani inategemea stima, na Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Seva na swichi ziwekewe kifaa cha UPS, ambacho betri yake hutoa dakika chache za kufunga kazi kwa utaratibu. Mtunza fedha asiye na UPS apewe kipakatalishi, ambacho kina betri yake.

Kuna njia ya tatu ambayo ni ya kuepukwa kabisa: kuliweka faili la hesabu katika folda ya Dropbox au Google Drive na kulifungua kutoka tarakilishi kadhaa. Huduma hizo hunakili faili zima kwa kila mashine. Hazijui kufunga akaunti moja. Watu wawili wakiandika kwa pamoja hutokea nakala mbili zinazopingana, na mfano wa mifuko 28 unajirudia, safari hii bila kijiti cha flash.

Huduma hizo hufaa kwa kuhifadhi nakala akiba iliyofungwa kwa nenosiri. Kila jioni, watumiaji wote wakishatoka katika programu, nakala ya faili itolewe kwa njia ya programu yenyewe. Moja ipelekwe mtandaoni, nyingine iwekwe katika diski inayochomolewa na kupelekwa nyumbani. Diski iliyoachwa imechomekwa kwenye seva itaibwa pamoja nayo, itaungua pamoja nayo, au itafungwa na virusi vile vile.

Mara moja kwa mwezi nakala hiyo ifunguliwe katika tarakilishi nyingine isiyo seva. Mhasibu alinganishe mambo matatu: jumla ya madeni ya wakulima, idadi ya magunia stooni na salio la benki la siku nakala ilipotolewa. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, kosa litafutwe mwezi huo huo, kabla ya Januari na foleni ya mizani.