SUKARI YA DAWA ITOKANAYO NA MAZIWA

Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake yenyewe, iitwayo laktosi, kadiri ya asilimia 5. Jibini inapotengenezwa, sehemu kubwa ya sukari hiyo hubaki katika maji yanayochujwa. Chama kinachofikiria kusindika maziwa wilayani Namtumbo yafaa kijue thamani ya maji hayo, na pia mipaka yake.

Kutokana na laktosi hupatikana sukari nyingine, laktulosi, iliyoelezwa na wanakemia Montgomery na Hudson mwaka 1930. Tumbo la mtu haliwezi kuisaga. Hufika nzima katika utumbo mpana. Kwa sababu hiyo hutumika hospitalini kulainisha choo na kuwasaidia baadhi ya wagonjwa wa ini.

Kiwandani, maji yenye laktosi hupitishwa bila kukoma katika mabomba ya moto pamoja na kemikali ya alkali. Muda ukizidi, sukari huharibika na kuwa ya kahawia. Ukipungua, hubadilika kidogo mno. Ndiyo faida ya kazi ya mfululizo: kila tone hukaa motoni kwa muda ule ule. Kisha ukali wa alkali huondolewa kwa tindikali, chumvi hunaswa na chembechembe maalumu, rangi huondolewa kwa mkaa, na maji hupunguzwa kwa mvuke. Laktosi iliyosalia hugandishwa kwa baridi, ikachujwa.

Hesabu yake ni hii. Lita 100 za maziwa hutoa takribani lita 90 za maji ya jibini, yenye kilo 4 hivi za laktosi. Kwa alkali pekee, kwa kawaida hugeuka isiyozidi theluthi moja. Yaani kilo 1 hivi, kabla ya hasara ya kusafisha. Mitambo isiyozimwa hudai maelfu ya lita kila siku, mvua na kiangazi. Ufuta na mbaazi huweza kungoja mnada ghalani, maziwa hayangoji.

Hivyo basi, chama kisianzie kwenye laktulosi. Kwanza katibu aandike daftarini lita za kila siku, mwaka mzima. Maji ya jibini yangali mabichi walishwe nguruwe, yasimwagwe mtoni, ambako huwanyima samaki hewa. Wala mwanachama asiyachemshe kwa magadi nyumbani: kitakachopatikana si dawa.