Maji ya moto kwa nyumba ya babu, Lubunga

Yaya wangu aliyeko Liège anataka kutengeneza upya nyumba ya babu pale Lubunga, ili akuje na watoto wakati wa likizo. Kwenye orodha yake, mbele hata ya mabati, aliandika: "mtambo wa kupasha nyumba moto." Nikacheka peke yangu ndani ya pirogi. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta; kwetu chumba kinaomba hewa, si radiata.

Nilipomuuliza vizuri, kumbe shida yake ilikuwa maji ya kuoga. Hapo hakukosea. Mama anaishi mule mwaka mzima, na magoti yake hayapendi maji ya kisima.

Yaya alipendekeza bomba la umeme, lile linalopasha maji yakipita. Basi tupige hesabu. Kutoa lita 40 kwenye nyuzi 24 mpaka 40 kunakula karibu kilowati-saa 0.75. Si nyingi, lakini bomba lile linaitaka kwa dakika chache, kwa hiyo linavuta kilowati 4 au 5 mara moja. Kituo cha umeme cha Tshopo kiko ukingo wa kulia wa mto, na kwenye barabara yetu nguzo hazijafika. Sahani zetu mbili za sola zinatoa wati 300 jua likiwa kali: taa, simu, televisheni, basi. Jenereta? Yaya akirudi Ulaya, nani atamnunulia mama mafuta?

Watu wengi wanasahau kwamba jua linaweza kupasha maji bila kupitia umeme. Sahani ya sola inageuza umeme karibu sehemu moja kwa tano ya jua inayopokea. Chombo cheusi chini ya kioo kinaweza kushika karibu nusu kama joto. Ni tofauti kubwa, na hakuna betri ya kufa.

Mitambo ya dukani inaweka tangi juu ya paa. Mimi nilikataa, juu ya mbao za babu. Lita 150 ni kilo 150, bado hujapima tangi lenyewe, na zile mbao ni za zamani, mchwa wamezionja. Tulijenga mnara wa matofali kando ya nyumba, chini kidogo ya mfereji wa paa ili mvua ijaze yenyewe. Juu yake pipa jeusi la lita 100, ndani ya sanduku la mbao lililojazwa vumbi la mbao kavu, na kioo juu. Kioo kinalala karibu bapa, kwa sababu hapa jua la saa sita linaenda kaskazini mwezi wa sita na kusini mwezi wa kumi na mbili. Tuliinamisha kidogo tu ili maji ya mvua yateleze.

Ubaya wake upo. Siku ya mawingu maji yanabaki vuguvugu, na usiku pipa linapoa hata ukilifunika blanketi. Asubuhi sufuria inarudi kwenye makala. Mama amehamisha kuoga kwake saa kumi na moja jioni, na anasema watoto wa Liège watapanga mstari nyuma yake.

Yaya bado anaulizia jenereta. Pesa yake nimeipeleka kwenye mabati.