Mwanazuoni wa Sheria na Chuo Kikuu Binafsi (2)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu wanafunzi. Leo tumgeukie mwalimu wao. Oktoba 2022 Tanzania ilishtuka kusikia kwamba kati ya watahiniwa 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza matokeo hayo chini ya Dk Harrison Mwakyembe. Walilaumiwa wanafunzi, ikalaumiwa taasisi, vikalaumiwa na vyuo vilikotoka vijana hao. Ajira ya anayewafundisha sheria huko vyuoni haikuzungumzwa kwa uzito unaostahili. Nami nadai kwamba vyuo vikuu binafsi vingi vimempa mwanazuoni wa sheria kibarua bila kumpa njia ya kukua, na hasara yake inamfikia mwanafunzi.

Mwanazuoni hukomaa polepole. Issa Shivji alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akapata uzamivu hapo hapo mwaka 1982, na kitabu chake kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi kikatoka mwaka 1986. Kipaji alikuwa nacho, lakini alikuwa pia na ajira ya kudumu, maktaba, na jarida la sheria la Afrika Mashariki ambalo kitivo chake kililianzisha mwaka 1968. Chuo binafsi, kwa upande wake, hula ada. Udahili ukiyumba, mishahara huyumba. Na mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, ilionekana wazi jinsi pato hilo linavyoweza kukatika kwa tangazo moja. Uongozi wenye hofu hiyo hukimbilia mikataba mifupi, wastaafu kutoka vyuo vya umma, na mawakili wanaolipwa kwa kipindi. Mhadhiri msaidizi anayebaki hubebeshwa masomo ya sheria ya mikataba, ya jinai na ya ardhi katika muhula mmoja, kisha anaambiwa hapandi cheo kwa sababu hajachapisha. Atachapisha saa ngapi?

Wapo watakaosema kwamba wakili anayetoka mahakamani ndiye mwalimu bora, kwa kuwa sheria ni kazi ya vitendo. Kwa mwenendo wa mashauri na uandishi wa hati, nakubaliana nao kabisa. Lakini wakili huyo akimaliza kipindi anarudi kwa wateja wake, na haki yao kwake ni ya kwanza. Hawezi kukaa na tasnifu ya mwanafunzi hadi usiku, wala kufuatilia kwa miaka kumi jinsi mabaraza ya ardhi yanavyoamua kesi za wajane. Wengine watasema fedha hazipo. Hoja hiyo ni nzito zaidi, ila Strathmore ya Nairobi, nayo chuo binafsi, ilianza kufundisha sheria mwaka 2012 na kufikia 2015 ilikuwa na jarida lake la sheria. Ada zake ni kubwa, kweli. Lakini ada kubwa peke yake haizai jarida. Wapo waliokaa wakaamua kwamba utafiti ni sehemu ya kazi inayolipiwa mshahara. Huku kwetu Tume inaweza kusukuma uamuzi kama huo: inapokagua programu ya sheria, isiishie kwenye idadi ya walimu na shahada zao, bali idai kuona mikataba yao ni ya muda gani na wanafundisha masomo mangapi kwa muhula.