Pumzi ya Ukumbi Mzima

Kuna dakika moja katika filamu ya Joker ambayo wengi walioiona ukumbini mwaka 2019 hawajaisahau. Arthur Fleck, mchekeshaji ambaye maisha yamempiga chenga kila upande, amekwisha kumuua Randall, mfanyakazi mwenzake, kwa mkasi. Damu imemtapakaa usoni, ameketi sakafuni anahema. Pembeni yupo Gary, mfanyakazi mwenzao mwenye kimo kifupi sana, anatetemeka. Arthur anamwambia aende zake, hana ugomvi naye. Gary anajikongoja hadi mlangoni, anainua mkono, na mkono haufiki kwenye mnyororo wa mlango. Inambidi amgeukie muuaji na kumwomba amfungulie.

Ukumbi nilioketi mimi ulicheka. Kicheko kilianzia nyuma, kikasambaa, kisha kikakatika kabla hakijakomaa. Watu walitazamana gizani, wengine wameziba midomo kwa viganja.

Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeutumia muda mwingi wa kazi yake kuchunguza kicheko, aliwafuatilia watu madukani na njiani, akagundua kwamba sehemu kubwa ya vicheko haifuati kichekesho chochote. Aligundua pia kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kicheko ni ishara tunayopeana, na mara nyingi hutoka kabla akili haijakata shauri kama jambo linachekesha. Pale mlangoni kwa Arthur, miili ilikuwa imebanwa na hofu kwa dakika kadhaa. Ilipopata upenyo mdogo, ikapumua kwa sauti. Aibu ilifuata baadaye kidogo.

Neno kupumua hapa lichukuliwe kama lilivyo. Mjini Mainz, Ujerumani, wanakemia wa Taasisi ya Max Planck wakiongozwa na Jonathan Williams walitega mitambo kwenye bomba linalotoa hewa nje ya ukumbi wa sinema. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2016 yalihusu filamu 16 zilizoonyeshwa mara 108. Katika matukio ya wasiwasi, kiwango cha hewa ya ukaa na cha kemikali iitwayo isoprini kilipanda, na kilipanda pale pale kila filamu ileile ilipoonyeshwa upya kwa watu wengine kabisa. Isoprini huhifadhiwa kwenye misuli na hutoka tunapoikaza. Mtazamaji anajikunyata kitini, anashika pumzi, anaiachia. Mamia wanafanya hivyo kwa pamoja, na hewa ya ukumbi inabadilika. Utafiti wao wa baadaye ulionyesha kwamba isoprini inaweza hata kusaidia kuamua filamu ipi inawafaa watoto wa umri gani. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa ugunduzi mzuri mno kuhusu sinema, kwa sababu haumwulizi mtu anajisikiaje. Unayapima mapafu yake.

Ubongo nao hufuata. Mwanasayansi wa ubongo Uri Hasson na wenzake waliwalaza watu ndani ya mashine ya MRI na kuwaonyesha filamu. Walipowaonyesha kipindi kimoja cha Alfred Hitchcock, takriban asilimia 65 ya gamba la ubongo ilifanya kazi kwa namna inayofanana kutoka mtu hadi mtu. Walipowaonyesha picha za bustani ya Washington Square ya New York, zilizochukuliwa mfululizo bila kuhaririwa, mfanano ulishuka chini ya asilimia 5. Kuwatazamisha watu kitu kimoja hakutoshi kuwaunganisha. Anayewaunganisha ni mwongozaji anayejua wapi pa kukata picha na wapi pa kuingiza sauti.

Todd Phillips, mwongozaji wa Joker, alilijua hilo. Muziki wa Joker uliandikwa na Hildur Guðnadóttir wa Iceland, na sehemu yake ilikuwa tayari kabla kamera hazijaanza kazi, kwa kuusoma mswada tu. Ile ngoma ya taratibu ya Arthur chooni, baada ya kuwaua vijana watatu waliomshambulia kwenye treni, haikuwamo kwenye mswada. Phillips alimchezea Joaquin Phoenix, aliyemwigiza Arthur, kipande cha selo ya Hildur, na mwili wa Phoenix ukaanza kuufuata muziki. Ukumbini miili yetu iliufuata pia. Mtu ametoka kuua, nasi tunahema naye.

Hapo ndipo umoja unapokomea. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulishika kanuni moja: stelingi hafi, na adui unamjua tangu anapoingia. Joker haina stelingi. Wako waliotoka wakisema wameona kilio cha mgonjwa aliyeachwa bila dawa baada ya jiji kukata fedha za huduma. Wako walioona uchochezi. Tamasha la Venice liliipa tuzo yake kuu, Simba wa Dhahabu, huku Marekani polisi wakiongeza doria kwenye kumbi, kwani Julai 2012 watu 12 walikuwa wameuawa kwa risasi mjini Aurora, Colorado, wakitazama The Dark Knight Rises. Mauaji yaliyohofiwa hayakutokea. Ubishi ndio uliotokea, na ulikuwa mkali. Mtafiti Dolf Zillmann alishaeleza tangu miaka ya 1970 kwamba mwili uliosisimka haupoi mara moja: msisimko unaobaki hujipachika kwenye hisia inayofuata na kuiongezea nguvu. Anayetoka ukumbini moyo ungali unamwenda mbio huipokea kila hoja kwa moyo huohuo.

Kinachonigusa zaidi ni kipimo kilichofanywa New Zealand. Damian Scarf na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago walichukua watu wazima 164. Baadhi wakatazama Joker, wengine Terminator: Dark Fate, ambayo nayo ina vurugu tele ila haimhusu mgonjwa wa akili. Wote walijaza dodoso kabla na baada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: waliotazama Joker walitoka na dhana mbaya zaidi juu ya wagonjwa wa akili kuliko walivyoingia. Wale wa Terminator hawakubadilika. Filamu iliyosifiwa kwa kumhurumia mgonjwa iliwaacha watu wakimwogopa zaidi, na hali halisi ni kwamba wenye maradhi ya akili hudhuriwa na wengine mara nyingi kuliko wanavyodhuru.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Katika ukumbi wa watu 160 hao wangekuwa kama 20. Walishika pumzi pamoja nasi, wakaiachia pamoja nasi, kisha wakayasikia maneno ya watu wakati wa kutoka.

Oktoba 2024 ikaja sehemu ya pili, Joker: Folie à Deux. Humo Arthur yuko kifungoni katika hospitali ya Arkham, anashitakiwa, na mbele ya mahakama anakiri kwamba hakuna Joker, yupo yeye tu, na watu aliwaua yeye. Lee, mpenzi wake anayeigizwa na Lady Gaga, anainuka na kutoka. CinemaScore, kampuni inayowahoji watazamaji wa Marekani usiku wa kwanza wanapotoka ukumbini, iliipa filamu ya kwanza alama ya B+. Hii ya pili iliambulia D. Nyimbo walizoimba wahusika zilichosha, kweli, na mwendo ulikuwa wa kujikokota. Lakini siamini kwamba nyimbo peke yake ndizo zilizoiangusha. Watu walilipia kumwona Joker, wakapewa mgonjwa anayesubiri hukumu.