Akiba Haiozi

Mtu akisimama ufukoni hapa Mkuyuni alfajiri, huwaona wavuvi wakirudi na mitumbwi yao. Hawavai sare, wala majina yao hayamo katika daftari la jeshi lolote. Hata hivyo, chombo kinapopata ajali ziwani, mara nyingi wao ndio hutangulia kufika. Tukiwatazama, tunamkumbuka rubani mmoja wa zamani, Dennis Cutler.

Cutler alikuwa raia wa kawaida huko Durban, Afrika Kusini, mwenye ndege yake ya kutua majini. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji. Waingereza, wakiwa na haja ya jicho la angani, walimwendea Cutler, wakampa cheo na kumchukua pamoja na ndege yake.

Safari yake ya kwanza, mwezi Novemba, aliruka bila dira. Akapotea, akalazimika kutua kwenye kisiwa kisicho na watu. Safari ya pili aliiona manowari ile katikati ya mikoko. Ndege ilipoharibika, vipuri vilifuatwa hadi Mombasa. Mwezi Desemba injini ilimzimikia huko huko delta, naye akatekwa. Königsberg iliangamia tarehe 11 Julai 1915, marubani wengine wakiwaelekeza wapiga mizinga kutoka angani. Mmoja wa mizinga yake umehifadhiwa Jinja, ng'ambo ya ziwa letu hili.

Hatuyasimulii haya ili kuvisifu vita vile. Wakoloni waligombea ardhi isiyo yao, na Waafrika kwa maelfu walikufa wakiwabebea mizigo. Lakini limo fundisho. Cutler hakukosa ujuzi wala moyo, alikosa dira. Waliomwita waliitambua thamani yake siku ya haja, wala hawakumwandaa kabla.

Kosa hilo lisirudiwe katika ziwa letu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka majini karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliotangulia kuifikia, kwa mitumbwi na makasia. Moyo walikuwa nao. Vifaa vya uokoaji hawakuwa navyo.

Kwa hiyo tunasema, hatuna budi kuwahesabu wavuvi kuwa askari wa akiba wa ziwa hili. Kila mwalo uwe na orodha ya wapiga mbizi, manahodha na mafundi wake wa injini. Wafundishwe uokoaji, wafanye mazoezi pamoja na vyombo vya dola, na wapewe kamba, maboya, taa na simu za upepo. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nasi twaongeza: isiyowekwa mapema haipatikani siku ya dhiki.